Wasomaji wanauliza: Nimelipa milioni 64, bado nadaiwa milioni 42, nihame benki?

SWALI

Dada mwangaluka. Naandika kutoka Isevya hapa hapa Tabora mjini, nina duka la vifaa vya umeme na nina apatimenti 4 kule Ipuli nazipangisha laki mbili na nusu kila moja kwa mwezi. Mwaka 2020 nilichukua mkopo wa nyumba milioni 60, riba asilimia 18, miaka 10, ndo nikazimalizia hizo apatimenti. Rejesho ni 1,081,000 kila mwezi na sijawahi kuruka hata mwezi mmoja, nimelipa miezi 60 kamili. Sasa ikaja benki nyingine, wakanifuata wenyewe dukani wakasema wananunua mkopo wangu wanihamishie kwao kwa asilimia 15, alafu wananiongezea milioni 20 nimalizie ukuta na kisima, nikafurahi sana.

Dada kuanzia hapo ni mateso tu. Nimeenda benki yangu kuulizia salio naambiwa 42,570,000, nikadhani nimesikia vibaya maana nimeshalipa milioni 64 na ushee! Mthamini akaja akaandika nyumba zote ni milioni 90 na mi najua nimezamisha zaidi ya milioni 130 pale, kwa hiyo ile milioni 20 ya nyongeza wamesema haiwezekani. Kodi ninayopokea wanasema hawaihesabu yote kwa sababu wapangaji wangu wawili ni mainjinia wa reli na sina mikataba yao. Benki mpya inataka hati kwanza ndo itoe hela, benki ya zamani inataka hela kwanza ndo itoe hati. Jina langu kwenye hati lina herufi H, kwenye kitambulisho cha NIDA halina, nimeambiwa nirudi ardhi. Huu ni mwezi wa 4 na kila nikiuliza naambiwa faili liko makao makuu Dar. Benki yangu ya zamani wanatoza adhabu ya asilimia 2 ya salio nikifunga mkopo mapema, benki mpya nao wanachukua asilimia 1.5 ya kushughulikia mkopo, mthamini laki 7, wakili na usajili laki 5, bima laki 4. Nimechoka kabisa. Niendelee au niache?

*Msomaji, Isevya, Tabora*

JIBU

Mwangaluka kaka yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu maana mi mwenyewe nilishapita njia hiyo hiyo na nyumba yangu ya kupangisha, pia hapa hapa Tabora, najua ile hali ya kuamka asubuhi unapiga simu kwa afisa mikopo inaita tu.

Tuanze na hiyo milioni 42 kwanza, maana hapo ndo moyo wako umevunjika na hapo ndo pana jibu la swali lako. Hukuibiwa. Mkopo wako unapigiwa riba kwenye salio linalobaki, kwa hiyo mwezi wa kwanza kabisa deni likiwa milioni 60, riba ya mwezi ule peke yake ilikuwa laki 9. Ulilipa 1,081,000, laki 9 ikaenda riba, 181,000 tu ndo ikapunguza deni. Mwezi wa pili riba ikapungua kidogo sana, deni likapungua zaidi kidogo sana, na ikaendelea hivyo hivyo miaka 5. Ukijumlisha, kati ya hizo milioni 64 na ushee kama milioni 47 zimekwenda riba na milioni 17 na kitu ndo zimekata deni lenyewe. Inauma, najua, lakini angalia na upande wa pili, rejesho lako la mwezi unaokuja riba yake ni kama 638,000 na 443,000 inakata deni, yaani ule mlima wenyewe umeshaupanda na sasa ndo unaanza kuteremka. Mtu anayekufuata dukani muda huu akwambie hamia kwangu, anakukuta umeshamlipa mwenzie riba nene yote, na ukianza kwake upya kwa miaka mingi unarudi kule kule chini ya mlima.

Sasa tupige hesabu kwa shilingi, achana na asilimia, maana asilimia zinapumbaza. Salio lako 42,570,000 ukilihamishia kwenye asilimia 15 kwa miaka 5 ile ile iliyobaki, rejesho linakuwa kama 1,013,000. Umeokoa 68,000 kwa mwezi. Zidisha miezi 60 unapata kama milioni 4 na elfu 80. Nzuri? Haya toa gharama ulizoniandikia mwenyewe: adhabu ya asilimia 2 ni 851,000, ya kushughulikia mkopo ni 639,000, mthamini, wakili, usajili na bima milioni 1 na laki 6, jumla ni 3,090,000. Unabaki na kama 990,000 kwa miaka mitano, yaani kama 16,500 kwa mwezi. Kaka, miezi minne ya kufunga duka unaenda kukaa kwenye benchi la benki imeshakula zaidi ya hiyo.

Alafu kuna kitu hukuniandikia lakini mi najua watakuja nacho maana na mimi walinijia nacho. Watakwambia usijibane, chukua miaka 10 mipya rejesho lishuke. Na kweli linashuka, linakuwa kama 687,000, unaona karibu laki 4 kila mwezi inabaki mfukoni, yaani unaona ukuta na kisima hicho hapo. Lakini jumla utakayolipa ni milioni 82 na laki 4, wakati ukikaa ulipo bila kuhama umebakiza kulipa milioni 64 na laki 8 basi umemaliza. Umepewa riba ndogo na umeongeza milioni 17 na nusu. Afisa mikopo hakudanganyi, anakuonyesha rejesho na rejesho kweli limeshuka, ile jumla ndo haikai kwenye karatasi anayokuonyesha, ni lazima uiombe wewe kwa mdomo wako, mwambie nipe jumla ya shilingi zote nitakazolipa mpaka siku ya mwisho, aiandike.

Kwa hiyo kwa namba hizi mi nakwambia usihame, ila usikae kimya pia. Ile barua ya ofa ya asilimia 15 una haki nayo, ichukue ikiwa na mhuri, iende kwa meneja wa benki yako ya sasa umwambie nimelipa miezi 60 sijaruka hata mmoja na hawa wananitaka, nipunguzieni riba. Mteja wa miaka mitano asiyeruka rejesho benki haipendi kumpoteza. Mi walinipunguzia pointi 2 baada ya kuwaonyesha barua ya wenzao, na sikulipa mthamini wala wakili, nilisaini karatasi moja tu ya nyongeza ya mkataba. Wakikataa, basi kama duka linaruhusu ongeza laki 2 kila mwezi juu ya rejesho. Mkopo utaisha miezi kama 47 badala ya 60 na utakuwa umeokoa kama milioni 5 na nusu kwa asilimia 18 hiyo hiyo unayoichukia. Ila andika barua kabisa kwamba hiyo laki 2 ipunguze deni la msingi, na uulize kama kuna makato ukilipa zaidi, maana usipoandika wengine wanaiacha tu ikae kwenye akaunti kama rejesho la mwezi ujao na hapo hujapata kitu.

Hapo nimekujibu. Lakini nataka nikwambie na hayo mengine kwa sababu yatakusumbua hata siku nyingine, na wasomaji wengi wameandika yale yale.

La mthamini ndo linaloumiza watu kuliko yote. Kwenye ripoti yake kuna namba mbili, moja ni bei ya soko na nyingine ni bei ya kuuza kwa haraka, yaani ile ambayo benki ikipiga mnada leo leo itapata, na benki inakopesha kwa kuangalia ile ndogo. Hela uliyotumia kujenga haimo humo kabisa. Na kwa mji wetu kuna tatizo lingine, mthamini anatakiwa alinganishe nyumba yako na nyumba zilizouzwa karibuni maeneo hayo, sasa Tabora nyumba ngapi za apatimenti zinauzwa kwa mwaka zikaandikwa bei ya kweli? Watu wanauziana kwa karatasi ya serikali ya mtaa, alafu wanaandika bei ndogo kukwepa kodi ya mauzo na ushuru wa stempu, kwa hiyo kumbukumbu zilizopo zinaonyesha nyumba zetu ni rahisi, na wewe uliyejenga vizuri unaadhibiwa kwa bei ya uongo aliyoandika jirani yako.

Mimi mthamini alikuja saa 7 mchana jua kali la Oktoba, akasimama chini ya mwembe, akapiga picha kwa simu, akahesabu madirisha, akauliza maji ni ya mamlaka au kisima. Vyumba viwili vya nyuma vyenye tailizi na jiko zuri hakuingia, mpangaji alikuwa amesafiri kwenda Nzega na funguo. Mi nikajua atakisia, kumbe ameandika sakafu ya saruji nyumba nzima! Ripoti ikaja imepungua na mimi ndo niliyeilipia. Kwa hiyo siku ya mthamini wewe uwepo, funguo zote ziwepo, uwe na hati, ramani na kibali cha ujenzi, bili ya maji, risiti za tailizi na bati kama unazo, na umwonyeshe yale maji ya Ziwa Victoria yameshafika kwako maana nyumba yenye maji ya bomba na isiyo nayo hazilingani. Na ukiona kosa kwenye ripoti andika barua ya kuomba lirekebishwe ukiambatanisha picha, ni haki yako. Mthamini anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini iliyopo kwa sheria ya mwaka 2016, muulize namba yake bila aibu, wewe ndo unamlipa.

Kodi za wapangaji. Hapa kaka yangu kosa ni lako na ni la kwetu wote wenye nyumba. Tunapokea kodi mkononi, miezi 6 mbele, tunaandika kwenye daftari basi. Benki ikiangalia stetimenti yako inaona duka tu, apatimenti haizioni. Na wale mainjinia wa SGR, benki inajua kipande cha reli kikikamilika wanahama, kwa hiyo kodi yao inaihesabu nusu au haiihesabu kabisa, na kusema ukweli hata mimi ningekuwa benki ningefanya hivyo. Andikiana mikataba na wote wanne leo, kodi iingie kwenye akaunti yako moja, kila malipo yakionyesha jina la mpangaji, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ilipwe TRA utunze risiti, maana ile risiti ndo ushahidi pekee ambao benki haina la kuubishia. Najua watu wanaikimbia hiyo asilimia 10, lakini huwezi kuificha kodi TRA alafu ukataka benki iione. Na ukipata nafasi apatimenti mbili wape watu wasiohama, wahudumu wa hospitali ya Kitete, walimu wa Chuo cha Uhazili au Chuo cha Ardhi, hata wakilipa elfu 20 pungufu.

Hati kati ya benki mbili. Hapa wewe usiwe mbeba barua. Hizo benki zinatakiwa ziandikiane zenyewe, benki ya zamani itoe barua ya salio la kufunga mkopo yenye tarehe, benki mpya itoe barua ya ahadi kwamba italipa kiasi hicho moja kwa moja na yule wa zamani aahidi kuachia hati na kusaini fomu ya kuondoa rehani, alafu rehani ya zamani inafutwa kwa Msajili wa Hati na mpya inasajiliwa. Hela isipite kwenye akaunti yako na hati isipite mikononi mwako. Ile tarehe kwenye barua ya salio ina maana kubwa kwa sababu riba inahesabiwa kila siku, barua ikipitwa na tarehe salio limeshabadilika, wanarudiana tena wiki mbili. Wengi wanakwama hapo, barua ya huku inaisha muda ya kule ndo inafika.

Na hapa nisikilize vizuri sana kaka yangu, muda wote huo wa kusubiri USIACHE kulipa rejesho la zamani. Kuna watu wanasema ah si unahamishwa mwezi huu, ngoja nishike hii milioni. Faili likichelewa Dar miezi miwili, wewe umeshaandikwa mchelewaji kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, benki mpya inachungulia kabla ya kutoa hela, inaona madoa, inafuta ofa. Nimeona jambo hili likimtokea jirani yangu, miaka 4 ya kulipa vizuri ikafutika kwa miezi miwili ya kuamini maneno ya mtu.

La jina ni dogo, kiapo kwa wakili na kama wakikataa ni hati ya kubadili jina isajiliwe, lakini lifanye hata kama huhami, maana siku ya kuuza au siku ya mirathi hiyo H itawatesa watoto wako. Pia hakikisha pango la ardhi halina deni, omba kontroli namba lipa, hakuna benki itakayosogeza faili pango likiwa linadaiwa.

Ukuta na kisima vijenge kwa hela ya apatimenti taratibu. Nimejua unavitaka lakini usivikopee kwa miaka 10.

SWALI

Dada habari za kazi. Nasikia kwenye redio Benki Kuu imeshusha riba mpaka 5 na pointi, mi mkopo wangu wa nyumba ya kupangisha ni asilimia 17 na haujashuka hata kidogo. Benki wananiibia?

*Msomaji, Nzega*

JIBU

Hawakuibii, ni riba mbili tofauti. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya sera Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, Aprili ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka kuwa 5.75. Hiyo inaelekeza bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa muda mfupi wa siku chache. Wewe umekopa kwa miaka mingi, na hela ya kukukopesha miaka mingi ndo ngumu kupatikana kwa sababu sisi wenyewe tunaweka akiba leo tunatoa mwezi ujao, benki inaogopa kuifunga hela hiyo kwenye nyumba ya mtu miaka 15. Ndo maana mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ambayo kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Imesaidia, zamani watu walikuwa wanasikia asilimia 20 na zaidi, lakini bado tuko juu.

Wewe fungua mkataba wako, tafuta neno moja tu, riba yako haibadiliki au inabadilika? Kama haibadiliki hata Benki Kuu ikishusha mpaka sifuri yako iko pale pale mpaka mwandikiane upya. Kama inabadilika, mkataba lazima useme inabadilika kwa kufuata nini na kila baada ya muda gani, na hapo ndo una haki ya kuwauliza kwa barua mbona ilipanda haraka na kushuka haishuki. Wakikaa kimya au majibu yasiporidhisha, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu, wana kitengo cha kumlinda mlaji wa huduma za fedha, ila lazima uanze kwa benki yako kwanza uwe na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.

SWALI

Shikamoo dada. Mimi nipo Kigoma, Katubuka. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa Kibirizi na tuna vyumba vya kupangisha Gungu. Nyumba tunayoishi ina mkopo wa benki umebaki milioni 18. Sasa anataka kuhamisha huo mkopo benki nyingine alafu aongeze mpaka milioni 50 anunue kiwanja kingine Gungu ajenge vyumba vingine. Amekuja na fomu nisaini, anasema ni fomu tu ya kawaida kwa sababu mkopo ni ule ule unahama. Sijakataa lakini roho inasita. Nikikataa nitaonekana simtakii maendeleo. Nisaini?

*Mama wa watatu, Kigoma*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usisaini leo.

Sisemi usisaini kabisa, nasema leo hapana, mpaka umesoma. Mkopo ule ule hauhami, ule wa milioni 18 unakufa na unazaliwa mwingine wa milioni 50 juu ya nyumba mnayolala na watoto. Na hiyo fomu si ya kawaida hata kidogo, ipo kwa sababu sheria inakulinda wewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 59 inasema mwanandoa haruhusiwi kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzie, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kifungu cha 114 inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi naye ameridhia. Yaani bila wewe benki haina kitu, ndo maana fomu imekufuata mpaka nyumbani. Na ukishasaini huwezi kuja kusema baadae nilidhani ni fomu tu, mahakama itakuonyesha saini yako.

Mwambie mume wako kwa upole, baba watoto nataka tuende wote benki tusomewe barua ya ofa. Usiseme sitaki, sema nataka kuelewa. Mkifika muulizeni afisa rejesho la mwezi ni shilingi ngapi, ni miaka mingapi, jumla yote mpaka mwisho ni ngapi, na kama tukishindwa inakuwaje. La mwisho hilo wengi hawaulizi. Benki inatakiwa itoe notisi ya siku 60 kabla haijachukua hatua ya kuuza, na siku 60 kwa mfanyabiashara wa dagaa ni chache sana. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi 3 hamna uvuvi, we unajua mwenyewe nyumba yenu mlikula nini miezi ile. Rejesho la milioni 18 mlilivuka, la milioni 50 mngelivuka? Hilo ndo swali la kumuuliza, na muulize usiku mkiwa wawili, sio mbele ya afisa wa benki mkamfanya aone aibu.

Alafu mpe wazo hili, huo mkopo mpya dhamana yake iwe vile vyumba vya Gungu kama vina hati, nyumba ya Katubuka imalizie milioni 18 zake iwe huru. Atapewa kidogo zaidi, labda milioni 20 badala ya 32 za nyongeza, kiwanja atanunua na vyumba atajenga viwili badala ya vinne. Lakini likiharibika jambo mtapoteza vyumba vya wapangaji, watoto hawatatolewa vyombo nje. Kama Gungu hakuna hati bado, hela ya kwanza kabisa iende kupima na kupata hati kabla ya kufikiria kiwanja kingine.

Na kama kuna mstari huuelewi kwenye hiyo barua tafuta msaidizi wa kisheria hapo Kigoma, wapo kwa sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo, akusomee kwa Kiswahili maana mikataba mingi bado imeandikwa Kiingereza, na mtu asisaini asichokisoma.

Ukishaiona hiyo barua ya ofa niandikie tena, uniambie rejesho ni shilingi ngapi na ni miaka mingapi, nitakupigia hesabu yote kama nilivyompigia kaka wa Isevya, na yeye mume wako muonyeshe.